Mbwa Aliyepiga Miayo Mbele ya Paka

Hadija mwanangu,

Umekifungua kikapu ili umtie Jenerali, ukakuta karatasi. Kiweke chini, ukae juu ya kile kinu cha uani, usome kwanza. Basi la Garissa halitakuacha. Kondakta nimeshasema naye, na unajua hapa Garsen nikisema na kondakta hata dereva huzima gari. Haya, labda hazimi. Lakini atangoja kidogo.

Najua unajiuliza kwa nini ami yako aandike na mdomo anao, tena wa kuwatosha watu wawili. Ndiyo sababu yenyewe. Ninapoandika hapa, usiku wa kuamkia safari yako, nyumba imejaa wageni waliokuja kukuaga, sinia za pilau zinapita juu ya vichwa vya watu, na kila mmoja wao nimeshamwambia, kwa wakati wake, kwamba Jenerali anakwenda Nanighi na mto mzima haujapata kuona mbwa wa namna hiyo. Nikitoka pale nje nikafungua mdomo, yatanitoka yaleyale. Kalamu hainikimbii hivyo. Mimi nilimwachia mwalimu shule yake nikiwa darasa la sita kule Chara, kwa hiyo kila neno ninaliandika nikilitazama usoni. Mwendo huo ndio ninaoutaka leo.

Neno lenyewe ni hili. Usimchukue Jenerali. Mchukue Mzembe.

Usicheke. Najua mimi ndiye niliyekutia Jenerali kichwani. Tangu hawa watoto wa mbwa walipofungua macho nimekuwa nikikuonyesha kifua chake, na zile nyayo zake kama visahani vya kahawa, na jinsi anavyowasukuma wenzake akafika kwenye maziwa kwanza. Yule Mzembe jina nilimpa mimi mwenyewe, kwa dharau. Na yule wa tatu, Kivuli, anayejificha nyuma ya pipa la maji, nilisema hafai hata kubwekea jani. Yote hayo nilisema mbele yako, mbele ya mama yako, Mama Zena, na mbele ya soko zima la ng'ombe.

Hata habari ya kupatikana kwao nimeiharibu. Ukienda sokoni leo utaambiwa kwamba mafuriko yalipoingia, Komora dalali aliogelea mpaka katikati ya mto, akamnyang'anya mamba gunia la watoto wa mbwa, akarudi nalo ameiuma kamba yake kwa meno. Wewe ulikuwepo, umeshika ile kamba niliyojifunga kiunoni, basi sitakudanganya sana. Gunia lilikuwa limenasa kwenye vichaka vya mathenge nyuma ya choo. Maji yalinifika magotini. Miiba ndiyo iliyonitoa damu. Lakini gunia lilikuwa linalia, Hadija, na ni wewe uliyelisikia, mimi nilikuwa nakuambia ni vyura.

Mama yao hatukumwona tena. Nadhani alikuwa mbwa wa wachungaji, kwa vile wote watatu wana ule mkia wa kujikunja. Baba yao nimekuwa nikisema ni mbwa wa serikali. Sijui baba yao. Hakuna anayejua. Watu wakikuuliza ni mbwa wa aina gani, waambie ni wa aina ya Garsen: miguu ya huyu, masikio ya yule, rangi ya waliopita njia. Kwa hiyo usijaribu kumsoma mbwa wa hivi kwa ukoo wake, maana ukoo wenyewe ulikwenda na maji. Utamsoma kwa anayoyafanya. Hilo limenichukua umri wangu wote kulijua, na mbwa wawili.

Sasa nikukumbushe kwa nini jambo hili si la mchezo. Shule imekupa watoto wa chekechea kuwafundisha, nyumba haikukupa. Nanighi hatuna jamaa mwingine ila Bibi Hawa, na sitaki ulale nyumba ya watu nisiowajua. Bibi Hawa anamtaka mbwa kwa sababu tumbili wanamvunia mahindi yake pale kando ya mto kabla yeye hajayavuna, na usiku kuna kitu kinazunguka zizi la mbuzi. Lakini ulimsikia kwenye simu. Uliiweka ile simu isikike nje, sote tukasikia.

"Mwalimu namtaka na mbwa namtaka," alisema. "Lakini huyu paka nimekuwa nikilala naye tangu mume wangu afe. Mbwa akimgusa, mtarudi nyote wawili kwa basi hilohilo."

Wewe ulicheka. Mimi sikucheka. Yule bibi namjua, hasemi neno la kupamba. Paka ana umri mkubwa, hana mbio tena. Bibi ana mbuzi wanaozaa, ana kuku, na ana bata watatu wanaotembea uani kama wazee wa baraza. Mbwa unayemtia kwenye kikapu hiki ndiye atakayeamua kama utakaa.

Kabla hujaja kwetu, mimi na Mama Zena tulikuwa vijana, na mimi nilikuwa nimeanza udalali. Wakati huo sifa zangu zilifika Ozi. Nilikuwa nikimtazama fahali mara moja tu, nikakuambia uzito wake, na jina la mamake, na lini atauzwa. Siku moja nikiwa kambini kwa wachungaji nikaona mbwa amezaa. Nikawatazama wale watoto kwa jicho lilelile la sokoni. Mmoja alikuwa anawakanyaga wenzake, anafika kwenye ziwa kwanza, anashiba kwanza, halafu anawazuia wengine. Ndama wa hivyo ukimwacha mnadani umepata hasara. Nikasema ni huyu. Na aliponiona alinijia mbio mbele ya wote, akanishika suruali. Nikasema basi amenichagua mwenyewe, mimi ni nani nikatae. Kumbe hakunichagua mimi. Alikuwa akirukia kila kitu kilichotikisika, na siku hiyo suruali yangu ilikuwa inapepea.

Nikamwita Shujaa. Mama Zena alikuwa na bata wake, na paka wa kijivu aliyekuja naye kama bibi harusi anavyokuja na kijakazi. Shujaa alikuwa akilala chini, kichwa kati ya miguu, anawatazama wale bata asubuhi hadi adhuhuri bila kupepesa. Nikawaita watu waje waone. Nikawaambia, mwaona, huyu anasoma, anahesabu mali. Hadija, mbwa yule hakuwa akihesabu chochote. Alikuwa akiwangoja wakue.

Siku alipomaliza kungoja, nilikuwa sokoni nikimsifia. Sitakueleza uani palikuwaje nilipofika. Mama Zena alizoa manyoya ya bata wake. Aliniwekea sima bila kitoweo, na kesho yake sima bila kitoweo, na mimi nikala, kwa sababu hata mimi kuna nyakati ninajua pa kunyamaza. Paka wa kijivu alikwea paa na hakushuka tena kwetu. Alihamia kwa jirani.

Lakini aliyeumia zaidi ni mbwa mwenyewe. Nilimfunga kamba. Mbwa wa mbio vile, nikamfunga kwenye mti wa uani msimu mzima wa kiangazi, akakonda, akazunguka ule mti mpaka akachimba mfereji. Yeye hakufanya kosa lolote ila kuwa vile alivyokuwa tangu siku ya kwanza. Mimi nilimwona alivyo, nikapiga makofi. Mwishowe nilimpa mchungaji aliyekuwa anahamisha ng'ombe mbali, mahali hakuna bata wala paka, kuna ng'ombe na fisi tu. Baada ya muda nikasikia huko ni mbwa anayeheshimika. Hakuwa mbwa mbaya. Nilimweka nyumba isiyokuwa yake.

Wa pili nikasema sirudii. Nikachagua kwa huruma, yule aliyekuwa anatetemeka pembeni, nikadhani mwoga hawezi kumdhuru mtu. Kumbe woga nao una meno. Mbuzi mchanga alimwendea kumnusa akiwa amejibana nyuma ya kibanda, mbwa akamuuma pua. Hakumuuma kwa ubaya. Alimuuma kwa kuwa alikuwa hana pa kutokea. Yule aliishi nasi baadaye, akazoea, akazeeka, lakini ilichukua muda mrefu, na Mama Zena ndiye aliyemzoesha, si mimi. Najua unamtazama Kivuli kwa jicho la huruma, na kwa sababu hiyo ninakuomba umwache hapa. Nyumba yetu sasa imetulia, hakuna anayemkimbiza. Juzi ametoka nyuma ya pipa akala kichwa cha kambare mkononi mwa Mama Zena. Siku zake zinakuja.

Sasa nifike kwa Mzembe.

Jana ulipokwenda kununua sabuni na madaftari nilitaka kukuandalia Jenerali. Nilitaka nikuambie, nimempima na amepita, ili nipate la kusema kituoni. Nikamwita yule paka wetu mwenye sikio lililokatika, nikamweka juu ya hicho kinu ulichokalia, na kipande cha samaki ili asiondoke. Nikamleta Jenerali peke yake.

Alimwona paka. Akasimama. Mdomo ukafunga, mkia ukakauka, kama mtu amemzima. Nikamwita jina. Nikapiga makofi. Nikamwekea kichwa cha samaki chini ya pua, samaki anayempigania kila siku, asiseme hata ahsante, asikinuse. Macho yalikuwa kwa paka tu. Na mimi nilikuwa nimeyaona macho hayo zamani. Nilijua hata ni wapi: chini ya mti wa uani, kichwa kati ya miguu, bata wanapita.

Nikamtoa. Nikamleta Mzembe, basi tu, kwa kuwa alikuwa amelala miguuni pangu na ilibidi nimruke.

Alimwona paka, akatikisa mkia chini chini. Paka akamfokea. Jenerali angeruka, Kivuli angejikojolea. Mzembe aligeuza uso pembeni, kama mtu aliyekuta wenzake wanavaa, akaketi, akapiga miayo mpaka nikaona koo. Halafu akajikuna sikio. Paka akashuka, akamzunguka, akampa kofi moja la pua. Mzembe akalia, akarudi nyuma hatua, akaketi tena. Nilipomwita akaja. Samaki akala. Akarudi kulala kivulini, na paka akarudi kula, na mimi nikabaki nimesimama katikati kama dalali aliyekosa mteja.

Nikasema huenda ameshiba. Nikamrudisha jioni akiwa na njaa, nikamtia kwenye banda la vitoto vya mbuzi. Kimoja kikamkanyaga. Akasogea. Kikamfuata, akalala chali, wakanusana. Kuku akapita na vifaranga, Mzembe akawafuata hatua chache, nikamwita, akakumbuka kwamba ana jina, akarudi. Sisemi ni malaika. Bado ni mtoto, na kuna siku atamkimbiza kuku wa Bibi Hawa mpaka shuleni kwako. Tofauti ni kwamba ukimwita anakusikia. Mbwa anayekusikia akiwa ameona kitu anachokitaka, huyo unaweza kumfundisha. Asiyekusikia, utamfunga kamba.

Mimi nilikuwa nimeita huko uzembe. Kumbe alikuwa akimwambia paka kwa lugha yao, mimi sina vita na wewe, kaa upendavyo, nitangoja.

Mama Zena alikuwa mlango wa jikoni muda wote huo, mwiko mkononi. Nilidhani hakuona.

"Sasa Komora," akaniambia, "utamwambia mtoto, au utangoja paka wa watu afe ndiyo upate hadithi?"

Nikamwambia nitakuandikia.

"Wewe?" akasema. "Kalamu umeshika lini?" Akaingia ndani, akaniletea kalamu.

Mambo ya sahani yake mbali, na kamba siku za mwanzo, na paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia, hayo mama yako amekuambia na ameyarudia, sina haja. Wala ya twahara. Umesoma madrasa kuliko mimi, unajua chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba na ya kwanza kwa udongo, na kwamba mbwa wa kulinda shamba na mifugo ana nafasi yake, na nafasi hiyo ni nje. Bibi Hawa anayajua pia. Ila nimefanya jambo moja ambalo hukuniambia na mama yako hakuniambia. Ile leso kuukuu iliyotandikwa ndani ya kikapu ilikuwa kwa Bibi Hawa. Dereva mmoja wa lori la tikiti aliniletea. Mbuzi wake wameilalia, na yule paka ameilalia. Tangu juzi nimeitandika wanapolala watoto wa mbwa. Mzembe atakapofika, harufu ya nyumba ile itakuwa si ngeni puani mwake. Wachungaji humlaza mtoto wa mbwa na vitoto vya mbuzi zizini angali mdogo, ili akue akidhani ni ndugu zake. Sisi hatuna muda huo, basi tumetumia leso.

Niliiagiza leso hiyo kwa ajili ya Jenerali, kusema kweli. Lakini ni Mzembe aliyeilalia. Jenerali aliichanachana ule upande wa kushoto, utaona.

Kuna jambo la mwisho, na usiudhike nikilisema kwa njia ya mbwa. Wewe wanijua, sina njia nyingine.

Siku ulipoletwa kwetu, baba yako, kaka yangu, alikuwa ametoka kuzikwa. Ulikuwa na gauni la watu na viatu visivyokutosha. Wanangu Bakari na Mwanaidi walikuwa wamesimama mlangoni wamekukazia macho, kwa sababu walikuwa wameambiwa mkeka wao sasa ni wa watatu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua ama utalia ujifiche nyuma ya kanzu yangu, ama utaingia kwa nguvu na watakupiga. Wewe ulikaa kizingitini. Ukatazama upande wa barabara, kama mgeni asiyetaka kuona ya ndani. Ukapiga mwayo mrefu, mtoto uliyechoka, mpaka Mwanaidi akauona, akaupata na yeye, akaanza kucheka katikati ya mwayo wake. Akaenda akakuletea uji. Jioni mlikuwa mnagombania upande wa ukutani kama watu waliozaliwa tumbo moja.

Na mimi, mwenye jicho lililosifiwa mpaka Ozi, nilimwambia Mama Zena usiku ule kwamba mtoto huyu ni mzuri lakini amelegea kidogo.

Umeona basi. Nimekosea mara mbili kwa jambo lilelile. Sasa wewe unaingia nyumba ya mtu aliyekuwa peke yake na paka wake miaka mingi, atakutazama unavyokunja mkeka na unavyomwaga maji, na siku za mwanzo huenda akakufokea. Sina la kukufundisha hapo. Ulilijua ukiwa na miaka sita. Ila nimefurahi kwamba safari hii hutalifanya peke yako, mtakuwa wawili kizingitini.

Kesho kituoni wataniuliza, Komora, mbona Jenerali yuko nyumbani? Jenerali nitampeleka kwa yule mchungaji aliyemchukua Shujaa, ameshakubali, ana ng'ombe wengi na hana kuku hata mmoja. Lakini watu wa sokoni nitawaambia kwamba mwanangu ndiye aliyechagua, na jicho lake limelishinda langu. Watanishangaa, hawajawahi kunisikia nikisifu jicho la mtu. Waache washangae. Nitalisema kwa sauti, kisha nitatafuta namna ya kulirefusha.

Ukifika nipigie simu. Ya barabara usinieleze, mashimo yake nayajua yote kwa majina. Niambie tu paka wa Bibi Hawa amelala wapi.

Ami yako,
Komora

Na yule mamba alikuwepo. Wewe ulikuwa unatazama upande mwingine.